Roho ya saidia fundi: Tusijifiche nyuma ya qadar

 

Ndugu Waislamu, jiji letu la Dar es Salaam linajengwa usiku na mchana. Ukipita Kariakoo, Upanga, Ilala, Magomeni au Sinza, huwezi kumaliza mitaa miwili bila kukuta nyumba ya ghorofa inapandishwa. Siku ya kumwaga zege utasikia mashine inanguruma tangu asubuhi, na utaona mlolongo wa vijana wamebeba ndoo za zege begani, wanapanda ngazi ya mbao hadi ghorofa ya nne au ya tano. Wengi wamevaa kandambili. Kichwani mmoja ana kofia ya kitambaa, mwingine ana balaghashia iliyochakaa, na mwingine hana kitu. Jukwaa wanalosimama juu yake ni mirunda iliyofungwa kwa kamba na kupigiliwa misumari.

Hao ndio vibarua na saidia fundi. Wengi wao ni vijana wetu. Wametoka Lindi, Mtwara, Tanga, Kigoma na Pwani, na ukiwaita kwa majina wataitika akina Hamisi, Shabani na Ramadhani. Adhana ya adhuhuri ikiadhiniwa, baadhi yao huja msikitini na vumbi la saruji miguuni, wakasimama safu ya mwisho. Nimeshaona mara nyingi tu watu wenye kanzu nyeupe wakisogea pembeni ili wasichafuliwe.

Makala hii naiandika kwa sababu ya kauli mbili ambazo zimezoeleka vinywani mwetu. Ya kwanza husemwa pale kibarua anapoanguka akafa: "Ni kudra ya Mungu, siku yake ilikuwa imefika." Ya pili husemwa pale kibarua anapozidiwa na mawazo, akawa halali, hali, hasemi na watu: "Huyo imani yake ndogo, aswali tu yatakwisha." Kauli ya kwanza inafunga mjadala juu ya mwili wake, na ya pili inafunga mjadala juu ya akili yake. Zote mbili zinafanya kazi moja. Zinamwondolea lawama mwenye jengo, mkandarasi, msimamizi wa kazi, na sisi tunaotazama. Na kwa kuwa zimevikwa maneno ya dini, hakuna anayethubutu kuzipinga. Basi hebu tuzipime kwa mizani ya dini hiyo hiyo.

Tuliyoyaona kwa macho

Machi 29, 2013, siku ya Ijumaa asubuhi, jengo refu la ghorofa lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya jiji hili, liliporomoka. Walikufa watu zaidi ya 30. Miongoni mwao walikuwemo waliokuwa kazini katika jengo hilo, na walikuwemo watoto waliokuwa wakicheza jirani na msikiti. Novemba 16, 2024, Jumamosi, jengo jingine likaporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20, wengi wao wakiwa kwenye shughuli zao za biashara.

Katika misiba yote hiyo tulizika, tukasoma dua, tukasema ni mipango ya Allah. Hakuna Muislamu anayekanusha hilo. Lakini baada ya msiba wa 2013 watu kadhaa walifikishwa mahakamani, maana ilionekana wazi kwamba ipo mikono ya wanadamu iliyotangulia kabla jengo halijaanguka. Saruji haipungui yenyewe kwenye mchanganyiko, na nondo nyembamba haijipeleki yenyewe mahali pa nondo nene. Ghorofa nazo haziongezeki juu ya kibali mpaka mtu aamue kuziongeza.

Misiba hiyo tuliijua kwa kuwa walikufa wengi kwa siku moja. Anayeanguka peke yake kutoka ghorofa ya tatu hatangazwi popote. Anafunikwa shuka, anapelekwa kwao, na kesho yake anatafutwa kijana mwingine wa kubeba ndoo.

Msiba katika nyumba ya Allah

Nitaeleza tukio moja ambalo nililifahamu kwa karibu. Sitataja mtaa wala msikiti, kwa kuwa lengo langu si kumfedhehesha mtu.

Msikiti ulikuwa unaongezewa ghorofa ya juu. Waumini walichanga kwa moyo, na kamati ikatafuta mafundi wa bei nafuu ili fedha ya Waislamu ifike mbali. Kijana mmoja saidia fundi, umri wake haukufika miaka 25, alikanyaga ubao wa jukwaa ambao haukuwa umepigiliwa misumari. Alianguka chini kwenye kokoto na alifariki njiani akipelekwa hospitali.

Mazikoni mjumbe mmoja wa kamati alisimama akasema kuwa marehemu amekufa akijenga nyumba ya Allah, huyo ni shahidi, tumuombee. Watu waliitikia amina. Mama yake alikuja kwa basi kutoka kijijini, akapewa ubani uliochangwa baada ya swala, akarudi. Sikumsikia mtu akiuliza ule ubao aliuweka nani, na nani alitakiwa kuukagua. Siku ya tatu kazi iliendelea, na mbao za jukwaa zilikuwa zile zile.

Kijana huyo alikuwa na mwenzake, fundi wa kusuka nondo. Wametoka kijiji kimoja na walipanga chumba kimoja. Mwenzake yule alikuwa juu, akamuona anavyokwenda chini. Tangu siku ile hakuweza tena kupanda. Akifika ngazi ya pili mikono inatetemeka na jasho linamtoka. Msimamizi alimwita mwoga mbele za watu, na wiki iliyofuata akaambiwa hakuna kazi ya watu wa chini. Kodi ya chumba ikamshinda. Mkewe akarudi kwa wazazi wake na mtoto. Usiku alikuwa anashtuka usingizini anapiga kelele, na majirani wakasema amepandwa na mapepo. Wapo waliomwambia ale kiapo cha kutokukosa swala ya alfajiri na kila kitu kitaondoka, ilhali swala ya alfajiri alikuwa haikosi. Ikafika mahali akawa anasema kwamba bora angekufa yeye.

Aliyemsaidia alikuwa mzee mmoja, mwadhini wa msikiti ule ule. Hakumuuliza kuhusu imani yake. Alimuuliza, "Mwanangu, umekula?" Kisha akamlaza kwake kwa wiki kadhaa asibaki peke yake, akamsindikiza kliniki ya afya ya akili kwenye hospitali ya serikali, akamrudisha tarehe alizopangiwa, na jioni akawa anamsomea Qur'an. Leo kijana yule yupo kazini. Anakata na kukunja nondo chini, hapandi juu, na mkewe amerudi.

Ndugu zangu, msikiti ule ulikuwa na watu wawili walioumia. Mmoja aliumia mwili tukamwambia ni kudra. Wa pili aliumia nafsi tukamwambia ni imani. Kama si mzee yule, tungezika mara mbili kwa ubao mmoja.

Qadar haimuondolei mtu wajibu

Ni kweli kwamba Mtume (saw), katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari, amemtaja aliyekufa kwa kuangukiwa na jengo miongoni mwa mashahidi. Hiyo ni rehema ya Allah kwa maiti. Lakini daraja ya aliyekufa haimtakasi aliyesababisha kifo chake. Sayyidna Umar (ra) alikufa shahidi kwa kuchomwa kisu akiwa anaswalisha. Je, yupo Muislamu aliyewahi kusema kuwa kwa sababu Umar amepata ushahidi, basi aliyemchoma hana kosa?

Huyo huyo Umar alipokuwa safarini kwenda Sham alipata habari kuwa tauni imeingia huko. Aliwashauri maswahaba, kisha akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda (ra) akamuuliza kama anaikimbia qadar ya Allah. Umar alijibu kwamba wanaikimbia qadar ya Allah kuiendea qadar ya Allah, akampigia mfano wa mchungaji mwenye bonde lenye pande mbili, moja lina majani na jingine limekauka. Popote atakapolisha ngamia wake ni kwa qadar ya Allah, ila mchungaji mwenye akili anajua pa kuwapeleka. Vivyo hivyo jukwaa imara ni qadar ya Allah na jukwaa bovu ni qadar ya Allah. Wewe mwenye jengo umepewa akili na fedha uchague lipi la kuwapandisha watu.

Na yule bedui aliyemuuliza Mtume (saw) kama amwache ngamia wake huru na kumtegemea Allah, aliambiwa amfunge kwanza kisha ndipo ategemee. Hadithi hiyo imo kwa Tirmidhi na sote tunaifahamu, tunaitaja kwenye mawaidha ya biashara na ya masomo. Kwenye majengo tunaisahau. Mkanda wa usalama unaomshikilia fundi kwenye nguzo ndio kamba ya ngamia. Kofia ngumu ni kamba ya ngamia. Uzio wa mbao pembezoni mwa ghorofa ambayo haijajengwa ukuta ni kamba ya ngamia.

Iko Hadithi nyingine ambayo haitajwi sana mimbarini, naye Abu Daud ameipokea. Mtume (saw) ameeleza kuwa mtu anayelala juu ya paa la nyumba lisilo na kizuizi pembeni, dhima imeondoka kwake. Tazameni jinsi dini hii ilivyoshuka mpaka kwenye ukingo wa paa! Ikiwa anayelala kwa hiari yake juu ya paa lisilo na ukingo anahesabiwa kuwa amejipuuza, itakuwaje kwa yule anayempandisha mwenzake juu ya paa hilo kwa ajili ya ujira wa siku, akijua kuwa kijana ana njaa na hawezi kukataa?

Mwenye jengo anadaiwa

Kanuni ya sheria yetu iliyotokana na maneno ya Mtume (saw) ni kwamba hakuna kudhuru wala kudhuriana. Na katika Hadithi iliyopokewa na Abu Daud na wengineo, anayetibu watu bila kujulikana kuwa ana elimu ya tiba anabeba dhamana ya madhara anayoyasababisha. Kwa kipimo hicho, fundi anayejifanya injinia, na tajiri anayejua kuwa huyo si injinia lakini anamtumia kwa sababu ya urahisi, watakwepaje dhamana?

Qur'an katika Suratun Nisaa, aya ya 92, imeweka fidia na kafara hata kwa aliyeua kwa bahati mbaya. Allah (sw) hakusema kwamba kwa kuwa hakukusudia basi familia ya marehemu ipewe pole na ubani. Ubani ni hisani ya waombolezaji. Fidia ni haki ya waliofiwa. Tunapompa mama mchango wa ubani na kumuaga kituo cha basi, tusidhani kuwa tumemaliza deni.

Sheria ya nchi nayo haijanyamaza. Ipo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, namba 5 ya mwaka 2003, na upo wakala wa serikali, OSHA, wa kuisimamia. Upo pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi Julai 2015, ambao mchango wake hulipwa na mwajiri peke yake bila kumkata mfanyakazi hata senti. Mfanyakazi anayeumia au kupata ugonjwa kutokana na kazi anastahiki matibabu na fidia, na akifa wategemezi wake wanastahiki. Lakini kibarua aliyechukuliwa asubuhi kijiweni bila kuandikwa jina, jioni akapewa fedha mkononi, nani atamjua? Ndiyo maana kumuandika kibarua jina na namba ya simu ya ndugu yake ni jambo la kisheria, na kwa Muislamu ni amana pia.

Huzuni si ukafiri

Tuje kwenye kauli ya pili. Wapo miongoni mwetu wanaodhani kuwa Muislamu wa kweli hapatwi na sonona wala hofu isiyokwisha. Kama hivyo ndivyo, watasema nini juu ya Nabii Yaqub (as) ambaye Qur'an inaeleza kuwa macho yake yalipofuka kwa huzuni ya mwanawe? Watasema nini juu ya Bibi Maryam (as) ambaye uchungu ulipomzidi chini ya mtende alitamani angekuwa amekufa kabla ya hayo? Allah (sw) hakumkaripia. Alimpa maji chini yake, akampa tende juu yake, na akamwambia ale na anywe na atulize jicho lake. Msaada ulianza na chakula na maji, kama alivyofanya yule mzee mwadhini.

Mtume wetu (saw) mwenyewe alikuwa akimuomba Allah amkinge na hamu na huzuni, na katika dua hiyo hiyo akajikinga na uzito wa deni na kuelemewa na watu. Imepokewa na Bukhari. Hebu tuyaangalie mambo hayo manne yalivyowekwa pamoja: wasiwasi, huzuni, deni na kuonewa. Hayo ndiyo maisha ya kibarua. Anadaiwa kodi, anadaiwa na mama ntilie, nyumbani mkewe amechukua mkopo wa kausha damu wenye riba ya kumtia mtu wazimu, na Jumamosi, siku ya kulipwa, msimamizi anamwambia tajiri yupo safarini, njoo Jumatatu. Anasimamiwa kwa matusi. Akiugua siku moja nafasi yake imeshachukuliwa. Mtu wa namna hiyo hapati usingizi. Na asiyelala usiku anapanda asubuhi juu ya mirunda, mwili uko ghorofa ya tano, akili imebaki kwenye deni. Mguu ukiteleza tunasema alikuwa mzembe.

Hapo ndipo ninapotaka tuelewane: usalama wa mwili na usalama wa akili katika kazi hii ni jambo moja. Nchi zenye utajiri na vifaa vya kila aina zimeligundua hilo kwa uchungu. Uingereza, takwimu za serikali za miaka ya 2011 hadi 2015 zilionyesha kuwa wanaume vibarua wa kazi za chini, hasa za ujenzi, walikuwa katika hatari ya kujiua mara tatu zaidi ya wastani wa wanaume wa nchi hiyo. Hao wana kofia, mabuti na mikanda, na bado wanazidiwa na mawazo. Australia tangu 2008 wameanzisha mpango wa kuwafundisha wafanyakazi wa ujenzi wenyewe kumtambua mwenzao aliyeelemewa na kumfikisha kwa wataalamu. Sisi tuna udugu wa Kiislamu tuliofundishwa zaidi ya miaka 1,400 iliyopita. Tunautumia wapi?

Abu Daud amepokea kisa cha Abu Umama (ra), ambacho baadhi ya wanazuoni wameijadili sanadi yake. Mtume (saw) aliingia msikitini akamkuta amekaa wakati usio wa swala, akamuuliza kulikoni. Akajibu kuwa ni mawazo na madeni. Mtume (saw) akamfundisha dua. Tunaikariri dua, lakini tumelisahau swali. Aliyemuona mtu amekaa peke yake wakati usio wake, alimsogelea akamuuliza.

Wala dua haikatazi tiba. Mtume (saw) ameamrisha watu wajitibu, na akafahamisha kuwa Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameuwekea dawa. Bibi Aisha (ra) alikuwa akiagiza uji wa talbina kwa mgonjwa na kwa mfiwa, akisimulia kutoka kwa Mtume (saw) kuwa unautuliza moyo wa mgonjwa na kuondoa sehemu ya huzuni. Basi anayempeleka nduguye kliniki ya akili hajaacha tawakkul. Watu wakisikia ugonjwa wa akili wanafikiria Mirembe na minyororo tu, kumbe huduma hiyo ipo Muhimbili na kwenye hospitali za mikoa, na wengi wanatibiwa wakirudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Ama kujiua, hapana shaka ni haramu kubwa. Allah (sw) ameikataza katika Suratun Nisaa, aya ya 29, na katika aya hiyo hiyo akatukumbusha kuwa Yeye ni mwenye kuturehemu. Muislam amepokea kisa cha sahaba mmoja aliyehama na Tufayl bin Amr (ra) kwenda Madina. Aliugua, maumivu yakamshinda, akajidhuru mikono mpaka akafa. Tufayl alimuona ndotoni akiwa katika hali njema kwa sababu ya hijra yake, ila mikono yake imefunikwa. Alipomsimulia Mtume (saw), Mtume aliinua dua kwa ajili ya mikono ile isamehewe. Kwa hiyo tuwaonye vijana juu ya haramu hii kwa nguvu zote, lakini aliyefika ukingoni tumfuate kwa rehema, tumshike mkono, tusimwache peke yake. Kumtisha kwa moto mtu anayedhani kuwa tayari yumo motoni hakumrudishi.

Visingizio tunavyovisikia

Nimezungumza na wajenzi wengi, na majibu yao yanafanana. Wa kwanza anasema vifaa ni ghali. Ndugu yangu, umenunua vigae kutoka nje, umeweka milango ya vioo, halafu kofia ngumu kumi zimekuwa ghali? Bei ya kofia ni sehemu ya bei ya jengo, kama ilivyo bei ya mchanga. Asiyeweza kununua mchanga hajengi, akasubiri.

Wa pili anasema vibarua wenyewe hawataki kuvaa, wanasema zinawasha. Ni kweli wapo. Lakini kibarua huyo huyo ukimwambia afike saa moja kamili anafika, kwa sababu anajua akichelewa hana kazi. Ungesema asiyevaa hapandi, wangevaa.

Wa tatu anasema vijana hawa ni wavuta bangi na wanywaji, wanajitakia. Viroba vya pombe kali vilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, na kabla ya hapo tuliona jinsi vilivyouzwa mpaka milangoni mwa sehemu za ujenzi. Ulevi ni haramu na hatuutetei. Lakini tumuulize huyo kijana anatumia ili asahau nini, na ili aweze kubeba mzigo gani. Mtume (saw) ameagiza kuwa walio chini ya mikono yetu ni ndugu zetu, tusiwabebeshe wasiloliweza, na tukiwabebesha tuwasaidie. Na katika Suratul Qasas, mzee mwema wa Madyan alipomuajiri Nabii Musa (as), katika mkataba wao alimhakikishia kwamba hataki kumtia katika mashaka. Ni mwajiri gani kati yetu anayetamka maneno hayo siku ya kuajiri?

Tufanye nini?

Kwanza, tuanze na misikiti na madrasa zetu. Kamati yoyote ya ujenzi, kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa saruji, iwe na injinia aliyesajiliwa, jukwaa lililokaguliwa, kofia, mabuti, mikanda na sanduku la huduma ya kwanza. Ateuliwe mtu mmoja wa kukagua jukwaa kila asubuhi, na awe na mamlaka ya kusimamisha kazi. Mtume (saw) alipojenga msikiti wa Madina alibeba matofali pamoja na watu. Kila mmoja alikuwa akibeba moja moja, Ammar (ra) akibeba mawili mawili, na Mtume (saw) alipomuona alimpangusa vumbi. Yeye aliona nani amebeba zaidi. Kamati zetu zinaona hesabu ya michango tu.

Pili, ujira ulipwe siku yake. Mtume (saw) ametusimulia kutoka kwa Mola wake kuwa miongoni mwa watu watatu ambao Allah atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama ni yule aliyemuajiri mtu, akamaliza kazi yake, asimpe ujira wake. Nani kati yetu anaweza kusimama kesi na Allah?

Tatu, mwezi wa Ramadhani ratiba ibadilike. Kazi ianze baada ya alfajiri na iishe adhuhuri. Ndugu zetu walioko Oman wanajua kuwa serikali ya huko inakataza kazi za juani saa za mchana katika miezi ya Juni hadi Agosti. Jua la kwetu nalo halina huruma kwa aliyefunga na kubeba zege.

Nne, ajali ikitokea kazi isimame. Waliomuona mwenzao akianguka wapewe muda, wakae na mtu wa kuwasikiliza, na anayeshindwa kupanda apewe kazi ya chini bila kudharauliwa. Ajali iripotiwe kwa wanaohusika, isifichwe.

Tano, maimamu na masheikh, tuitoeni khutba moja kwa mwaka juu ya mfanyakazi. Tuache kuwaambia wenye sonona kuwa hawana imani. Tuwe na orodha ya kliniki zilizo karibu na watu wawili watatu waaminifu wa kumsindikiza mgonjwa.

Sita, nanyi vijana mliopo kazini. Nafsi zenu ni amana, hamkupewa mzicheze kamari. Kataeni ubao usiopigiliwa, hata kama mtaitwa waoga. Mkimuona mwenzenu amenyamaza siku tatu, muulizeni. Na wewe uliyeelemewa, unayesoma haya wakati wa chakula cha mchana, usikae nalo peke yako. Mwambie mtu mmoja leo kabla jua halijazama: nduguyo, imamu, daktari. Kusema kwako si udhaifu wa imani, Mitume wa Allah walisema.

Tukumbuke, ndugu zangu, kwamba Qur'an katika Suratul Maida, aya ya 32, imeifanya roho moja inayookolewa kuwa sawa na roho za watu wote. Haikusema roho ya tajiri wala ya msomi. Ya saidia fundi imo.

Tunamuomba Allah (sw) awarehemu waliokufa wakitafuta riziki ya halali juu ya majengo yetu, awape subira wazazi na wajane wao, awaponye waliojeruhiwa miili na nyoyo, na atupe sisi moyo wa kutimiza amana kabla hatujaulizwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.